Alipigwa na Jiwe

Mwaka huu kila mwenye kipaza sauti anataka adhabu ziongezwe. Anayempiga askari wa zimamoto akiwa kazini, afungwe. Anayeshambulia wahudumu wa gari la wagonjwa, afungwe zaidi. Redio inasema, wageni rasmi wanasema, na kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya Lushoto, ninakokunywa chai kabla ya kuingia zamu, wanaume wanapandishiana miaka kama watu wa mnadani. Huyu mitano, yule kumi, na wa tatu, ambaye hajawahi kubeba hata ndoo moja ya maji kwenye moto wa jirani, anataka kifungo cha maisha. Halafu wananigeukia mimi kwa kuwa nimevaa sare. "Au siyo, dada wa zimamoto?"

Mimi nanyamaza. Na wanaonifahamu wanajua si kawaida yangu. Mama husema nilitoka tumboni nikigomba. Lakini kwenye hili nainamia kikombe changu, kwa sababu naijua kesi moja ya jiwe iliyokufa kwa neno la herufi mbili, na aliyeliandika neno hilo ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Nilikuwa uani kituoni nasugua mipira ya maji iliyorudi na tope, koti langu limetundikwa ndani, na simu imo mfukoni mwa koti. Huko ndani simu ikawa inaita. Iliita mara saba. Aliyekuwa akipiga ni mjomba wangu, mdogo wake mama, na nyumba yake ilikuwa inaungua.

Namba ya dharura imeandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni mwa gari letu, imebandikwa sokoni, imetangazwa mpaka kanisani. Mjomba anaijua. Ila huku kwetu mtu akiwa na mtoto wake ofisini, hapigi namba ya ofisi, anampigia mtoto. Ukiwa na mpwa hospitali unamtafuta mpwa. Ukiwa na mkwe halmashauri unamtafuta mkwe. Namba ya serikali ni ya watu wasio na mtu. Nimeshagombana na ndugu zangu mara ngapi kwa jambo hili! "Msinipigie mimi, pigeni kituoni!" Wanaitikia ndiyo, mwanetu, tumesikia, na kesho yake ananipigia shangazi kuniuliza kama nina dawa ya kumtoa nyoka jikoni.

Mwishowe mwalimu mmoja wa kijijini kule ndiye aliyepiga kituoni. Tukapanda garini watu wanne. Dereva wetu alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mwenyeji wa Singida, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Alikuwa na jambo moja tu la kujivunia: tangu apewe leseni hajawahi kupata ajali. Alisema hivyo kwa kila mgeni aliyeletwa kituoni, hata kabla ya kutaja jina lake. Na kwa barabara zetu hizi, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa udongo na upande wa pili bonde, hilo si jambo la kupuuza.

Kijiji cha kwao mama kiko juu sana. Katikati ya njia tulikuta lori la kabichi limezima kwenye kona nyembamba, vijana wanalisukuma, ukungu umeshuka. Tulishuka tukasukuma nao. Tulipofika, nyumba ya mjomba ilikuwa imebaki kuta. Bati lilikuwa limeanguka ndani, na watu kama mia walikuwa wamesimama na ndoo tupu. Ashukuriwe Mungu hakuna aliyekufa. Lakini mzee wa watu alijenga nyumba ile kwa miaka kumi na mmoja, na iliisha mchana mmoja.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu hawalijui, nao hawataki kuambiwa. Gari la zimamoto likifika halianzi kutema maji hapo hapo. Dereva lazima aliweke sawa, ahamishe nguvu ya injini iende kwenye pampu, mipira ifunguliwe, iungwe. Ni dakika mbili, tatu. Kwa anayetazama nyumba yake ikiungua, dakika tatu ni mwaka. Anasikia injini inanguruma na haoni tone. Basi akatokea mmoja akapiga kelele, "Hawana maji! Wamekuja bila maji!" Khaa! Tangi limejaa mpaka shingoni! Nilipayuka kwa Kiswahili, nikapayuka kwa Kishambaa, aa wapi. Neno hilo likishatoka kwenye umati halirudi.

Dereva alikuwa ubavuni mwa gari, ameinamia pampu, amevua kofia ngumu ili asikie vizuri mlio wake. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Niliuona mkono kwanza, mweusi kwa masizi mpaka kwenye kiwiko, ukienda nyuma. Halafu nikauona uso. Alikuwa mjomba. Mzee wa kanisa, mtu ninayemwamkia kwa kupiga goti kidogo, ambaye mikono yangu miwili humpokea kofia yake akiingia kwetu. Jiwe lilitoka, dereva akageuka kutazama kelele ni za nini, likampata kwenye jicho la kushoto.

Hakupiga ukelele. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, mkono mmoja usoni na mwingine bado ameshika pampu. Maji yakaanza kutoka wakati huo huo. Tukazima kuta.

Jicho lilitolewa wiki iliyofuata, kwenye hospitali kubwa huko tambarare. Mimi, jioni ile ile ya moto, nilibaki na karatasi. Kituoni taarifa za matukio huandikwa na mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka na nilipata alama nzuri za Kiswahili shuleni, sifa ambayo sasa naichukia. Nilikaa mezani nikaandika: wakati wa uzimaji wa moto dereva alipigwa jiwe usoni na kupata jeraha la jicho. Nikaitazama sentensi hiyo. Nikaona mstari unaofuata unaniita: alipigwa jiwe na nani? Nikarudi nyuma, na kati ya "alipigwa" na "jiwe" nikabana neno dogo. Alipigwa na jiwe.

Kila anayezungumza Kiswahili anajua nilichofanya. Mtu akipigwa ngumi, kuna mwenye ngumi. Akipigwa risasi, kuna mwenye bunduki. Akipigwa jiwe, kuna aliyelirusha. Lakini akipigwa na radi, akipigwa na jua, akipigwa na baridi, utamkamata nani? Na sisi tunaishi milimani. Mvua zikinyesha mawe yanaporomoka yenyewe kutoka kwenye kingo za barabara, yanapiga magari, yanapiga mbuzi, yanapiga watu. Hakuna atakayeshangaa.

Hakuna aliyeshangaa. Mpelelezi aliyepokea karatasi aliisoma, akaniuliza kama nilimwona mtu yeyote, nikasema kulikuwa na moshi. Ni kweli kulikuwa na moshi! Hapo ndipo uongo unapokuwa mtamu, ukichanganywa na kitu cha kweli. Faili likaandikwa "ajali kazini", likafungwa.

Mtaniuliza kwa nini. Ni mjomba, hilo la kwanza. Halafu kuna zile simu saba. Ningekuwa na simu yangu mfukoni, tungetangulia lile lori la kabichi. Nilipomfikiria mjomba akipiga na kupiga huku bati linalia, sikuwa na moyo wa kulitaja jina lake. Nilijiambia jicho limeshakwenda, halirudishwi na jela ya mtu. Nilijiambia mengi.

Dereva alirudi kazini baada ya miezi mitatu, na miwani myeusi. Hawakumrudisha kwenye usukani. Wakampa stoo, ahesabu kofia na mabuti. Kila asubuhi nilimwambia, "Shikamoo, mzee," naye akaitika marahaba vizuri tu, na kila mara akaongeza swali lile lile, bila ukali: "Binti, hukumwona kabisa?" Nami kila mara nikasema moshi, mzee, moshi ulikuwa mwingi.

Siku moja alikuja na barua mkononi. Ilikuwa nakala ya faili lake. Akaisogeza karibu na jicho lake la kulia, akaniwekea kidole kwenye mstari.

"Wameandika ajali," alisema. "Mimi sijawahi kupata ajali."

"Mzee, ni lugha ya ofisi tu."

"Nimeendesha malori mpaka Kigoma. Nimeshusha mabasi Mombo kwenye mvua. Sijawahi. Leo mtu kanipiga, nimesimama chini, gari limefungwa breki, naandikiwa ajali?" Akageuza karatasi. "Na hapa umeandika wewe. Alipigwa na jiwe. Hilo jiwe lilijirusha?"

Mimi nikiwa na kosa huwa nakuwa mkali. Ni ugonjwa. Nilimpandia mzee wa watu pale pale mbele ya wenzangu. Nilimwambia anataka nini zaidi, kila mtu amempa pole, au anadhani sisi tulikuwa tumekaa tunaangalia sinema? Nilisema na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Alikunja barua yake mara nne, akaitia mfukoni, akarudi stoo. Nikaenda nyuma ya gari nikalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Jumapili hiyo nilipanda kwa mjomba. Alikuwa anajenga upya, matofali yamepangwa, waumini wa usharika wamekuja kusaidia. Nikamwamkia, nikamvuta pembeni nyuma ya migomba, nikamwambia nilikuona. Sikuzunguka.

Hakukataa. Nasema hivi kwa sababu ya yaliyokuja baadaye: hakukataa. Alikaa kwenye gogo akashika kichwa. "Nililirushia gari," alisema. "Siku zote najiambia nililirushia gari. Nilikupigia mara saba, mwanangu." Halafu akasema anataka kwenda kwa yule mzee na mbuzi na wazee wawili, amwombe radhi kwa mdomo wake, kama inavyotakiwa mtu aliyemwaga damu ya mwenzake. Alikuwa anangoja tu mtu wa kumpeleka. Nilikuwa mimi huyo mtu, na miezi yote hiyo sikwenda.

Nilishuka mjini nimepona nusu. Nikamwambia dereva ukweli wote, stoo, katikati ya kofia. Nilitegemea atanitukana, na ingenifaa. Alisema, "Mbuzi nitampokea. Lakini kwanza kalifute lile neno. Faili liseme nilipigwa. Halafu tutasameheana." Hicho tu ndicho alichokitaka. Hakutaja jela hata mara moja.

Nikaenda polisi kuandika maelezo mapya. Mpelelezi aliniuliza ana uhusiano gani na wewe, nikasema mjomba. Akaweka kalamu chini. "Mjomba wa tumbo moja na mama?" Ndiyo. "Dada, mbona haya ni mambo ya kuongea nyumbani?" Nikamwambia aandike. Akaanza kunieleza habari za mama yangu, itakuwaje kwa mama yangu. Nikapiga meza, nikamwambia afande, andika! Akaandika.

Na wiki hiyo hiyo, jamani, ndiyo redio ikaanza. Adhabu ziongezwe. Mfano utolewe. Wasionewe huruma. Shemeji mmoja wa mjomba, mtu anayesikiliza taarifa za habari zote kisha anazieleza upya kwa chumvi, alipanda kijijini na kumwambia utafungwa mpaka meno yaishe, watakufanya mfano. Mbuzi alikuwa ameshafungwa kamba tayari. Alifunguliwa. Mjomba aliyekuwa tayari kulia mbele ya mtu aliyemuumiza akatafutiwa wakili, na wakili akamwambia maneno mawili: usikiri chochote.

Hapo ndipo ninapotaka kuwapigia kelele wale wa kibandani. Mnapandisha miaka, sawa, pandisheni! Mimi ninayepigwa mawe nakataa nini? Ila kila mwaka mnaouongeza unawaziba midomo watu kumi walioona. Jirani atasema "nilimwona" kama mwisho wake ni fulani kupewa adhabu ya kiasi na kurudi shambani. Mwambie fulani atazeekea gerezani, uone kama kuna aliyeona. Wote walikuwa kwenye moshi.

Siku ya kesi nilitangulia kufika. Dereva alikaa benchi la mbele, amepiga pasi sare yake. Mama hakuja. Nilipoitwa kutoa ushahidi nilipita karibu na kizimba, na mjomba alikuwa mle ndani amevaa koti lake la ibada, na kabla sijajua ninafanya nini goti lilikuwa limekunjika na mdomo umesema, "Shikamoo, mjomba." Naye, kwa mazoea yale yale, akaitika, "Marahaba, mwanangu." Watu wakacheka. Hakimu akasema mahakamani hatuamkiani hivyo, shahidi asogee.

Niliapa kwa Biblia nikasema yote. Mkono, masizi, uso, jiwe. Nilisema vizuri, na nilimwona dereva akitikisa kichwa kukubali kwa kila neno. Kisha akasimama wakili wa mjomba, kijana mwenye adabu nyingi, akiwa na karatasi moja tu.

"Shahidi, mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Tusomee mstari wa nne."

Nikasoma. Dereva alipigwa na jiwe.

"Uliandika hivi siku ya tukio, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Sasa hili neno 'na'. Naona limebanwa hapa katikati, juu kidogo ya mstari. Uliliongeza baadaye?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulisoma ulichoandika, ukaona kina kosa, ukakisahihisha kwa makini?"

Nilitaka kueleza. Nilianza kueleza. Akasema, jibu ndiyo au hapana. Nikaona anavyonifunga na kamba niliyoisokota mwenyewe, na hasira ikanipanda mpaka masikioni, nikasema kwa sauti kubwa kwamba nililiongeza kwa woga, kwamba nilidanganya. Wakili akainamisha kichwa kwa heshima. "Asante. Ulidanganya mara ya kwanza. Mahakama itajuaje kama hudanganyi mara ya pili?" Akakaa.

Hakukuwa na shahidi mwingine. Watu mia walikuwa pale kijijini siku ile, na kati yao hakuja hata mmoja. Hukumu ilichukua dakika chache. Mashaka yapo, na mashaka humnufaisha mshtakiwa. Mjomba akaachiwa. Kuhusu kilichomwumiza dereva, hakimu alisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kubadilisha kilichokwisha kuandikwa.

Tulitoka nje, mimi na dereva, tukasimama kwenye ngazi. Alivua miwani, akaifuta na kitambaa, akaivaa.

Mara mjomba akatoka na ndugu nyuma yake. Akaja moja kwa moja kwangu. Alinishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akasema nami kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, akirudia rudia. Kisha akamgeukia dereva, akainamisha kichwa na kumwambia kwa Kiswahili, "Pole sana, mzee mwenzangu," akashuka ngazi na watu wake.

Dereva alimtazama mpaka alipofika barabarani. Kishambaa hakijui, miaka yote hii hajajifunza.

"Amekwambia nini?" aliniuliza.

Ningeweza kumwambia chochote, asingejua.

"Ananishukuru," nilisema. "Anasema niliandika vizuri."